Tablatura ya gitaa kwa programu za studio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tablatura inasomwaje?

Mistari sita, kila mstari na uzi wake. Mstari wa juu kabisa ni uzi mwembamba, wa chini kabisa ni uzi mnene, hivyo ukurasa unaonekana kana kwamba gitaa limepinduliwa. Lilaze gitaa mapajani, nyuzi zikitazama juu, uliangalie kutoka pale ulipokaa: mpangilio ni uleule. Namba iliyokaa kwenye mstari ni freti (nafasi kwenye shingo ya gitaa) ya kubonyeza. 0 ni uzi mtupu, x ni uzi uliozibwa ukatoa mlio bila kimo, yaani bila ujuu wa sauti unaotambulika. Namba zilizosimama wima pamoja hupigwa kwa mpigo mmoja.

Watu hudhani huu ni ujanja uliozaliwa kwenye intaneti. Ottaviano Petrucci alichapa tablatura ya lute (ala ya kale ya nyuzi) mjini Venice mwaka 1507. Waitalia wa enzi hiyo waliuweka uzi mwembamba mstari wa chini, kinyume cha leo, na Wafaransa wakaandika herufi mahali pa namba.

Je, programu ya studio inaweza kunitolea tablatura yenyewe?

Inaweza kuchora mistari na kujaza namba. Kama namba hizo zitapigika ni suala jingine, na karibu maswali yote yanayofuata hapa yanatokana na hilo.

Unaporekodi MIDI (noti zilizoandikwa kama taarifa za kompyuta, si sauti yenyewe), programu huhifadhi noti gani imebonyezwa (namba kati ya 0 na 127), imebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, imeanza lini, imeisha lini, na imepita chaneli ipi kati ya 16. Hakuna mahali panaposema "uzi wa tatu, freti ya tisa". Kwenye piano hilo halina shida, maana kila noti ina kitufe kimoja tu. Kwenye gitaa noti moja ina makazi mengi. Chukua E ya uzi wa kwanza mtupu, ambayo kwa MIDI ni namba 64. Gitaa lenye freti 24 linaitoa sehemu sita:

```
e|--0---------------------|
B|------5-----------------|
G|----------9-------------|
D|-------------14---------|
A|-----------------19-----|
E|---------------------24-|
```

Kimo ni kilekile kwa zote sita. Rangi ya sauti ni tofauti, na mkono uko mahali tofauti. Programu ikipewa namba 64 peke yake haina njia ya kujua ulikuwa wapi. Inakisia.

Mbona tablatura niliyoipata ina noti sahihi lakini haipigiki?

Kwa sababu programu nyingi hukisia kwa kuchagua freti ya chini kabisa inayopatikana. Tazama noti sita za pentatoni (skeli ya noti tano) ya A ndogo, A C D E G A. Hivi ndivyo mashine ingeziandika:

```
e|-----------0--3--5--|
B|-----1--3-----------|
G|--2-----------------|
D|--------------------|
A|--------------------|
E|--------------------|
```

Na hivi ndivyo mpiga solo angezipiga, mkono ukitulia freti ya tano:

```
e|-----------------5--|
B|-----------5--8-----|
G|-----5--7-----------|
D|--7-----------------|
A|--------------------|
E|--------------------|
```

Ukizisikiliza kupitia programu hutasikia tofauti. Ukiwa na gitaa mkononi utaiona mara moja. Katika ile ya kwanza, E imeangukia uzi mtupu, na uzi mtupu hauna pa kuukamata ili uupinde au kuutikisa. Mwishoni mkono unakimbizwa kutoka freti ya tatu hadi ya tano bila sababu. Katika ya pili kila kidole kina freti yake.

Dawa ni kuzihamisha noti mwenyewe. Guitar Pro, TuxGuitar na MuseScore zote zina amri ya kuisogeza noti hadi uzi wa jirani bila kubadilisha kimo. Jifunze njia ya mkato ya amri hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kwani ndiyo utakayoitumia kuliko zote. Anza na noti ambayo una uhakika nayo, kwa mfano ile inayopindwa, uiweke mahali pake, halafu zilizo kando yake zifuate mkono ulipo.

Nitumie programu gani?

Inategemea unatoka wapi. Kama wimbo wako tayari uko ndani ya Logic Pro, tablatura imo kwenye dirisha lake la noti. Cakewalk nayo inayo. REAPER inaonyesha noti za mistari mitano lakini si tablatura. FL Studio na Ableton Live hazina, kwa hiyo utatoa faili la MIDI na kulifungua kwingine.

"Kwingine" kwa kawaida ni mojawapo ya hizi tatu. Guitar Pro ni ya kulipia na imetengenezwa kwa ajili ya gitaa tangu mwanzo. TuxGuitar ni ya bure, ina sura ya kizamani, na inafanya kazi bila makeke kwenye Linux, Windows na macOS. MuseScore pia ni ya bure. Hiyo ni programu ya noti kwa jumla, na uzuri wake ni kwamba tablatura na noti za kawaida zinaweza kufungwa pamoja, ukirekebisha moja nyingine inafuata. Kwa mpiga gitaa asiyesoma noti ningependekeza TuxGuitar au Guitar Pro. Kwa anayeandikia bendi yenye vinanda na tarumbeta, MuseScore.

Nianze na MIDI nigeuze kuwa tablatura, au nianze na tablatura?

Anza na tablatura kila unapoweza. Kutoka tablatura kwenda MIDI hakuna kukisia: uzi wa tatu freti ya tisa ni noti moja tu duniani. Kurudi nyuma ndiko kunakoumiza, kwa sababu hapo unaiomba programu irudishe taarifa ambayo haikuandikwa popote.

Kwa hiyo utaratibu ninaoupenda ni huu: gitaa mapajani, Guitar Pro au TuxGuitar wazi, unaandika rifu (kipande kifupi kinachojirudia) kwa namba huku ukizijaribu vidoleni, kisha unatoa MIDI na kuiingiza kwenye programu ya studio ambako ngoma na besi zinasubiri. Prodyuza wengi hufanya kinyume kwa sababu wanaanzia kwenye kinanda. Sio kosa, ila wajue kazi ya kuhamisha noti inawangoja mwishoni.

Nimetunga kwa kinanda cha MIDI. Kwa nini kodi zangu (noti zinazopigwa pamoja) zinatoka na namba za ajabu?

Gitaa lina nyuzi sita, na kila uzi unatoa noti moja kwa wakati mmoja. Vidole kumi vya kinanda havijali hilo. Ukibonyeza C, D, E na G zikiwa zimebanana katikati ya kinanda, mashine italazimika kutafuta nyuzi nne tofauti za noti nne zinazokaribiana, na matokeo yake ni kidole kimoja freti ya tatu na kingine freti ya kumi. Programu nyingine hukata tamaa na kuiacha noti moja nje.

Njia rahisi ni kuacha kuzitafsiri kodi za kinanda noti kwa noti. Angalia kodi inaitwaje, kisha andika umbo lake la gitaa. Kodi ya C kwenye freti za chini ina noti tano, C E G C E, zilizotawanyika, na msikilizaji atasikia C ileile. Kama ni lazima kinanda kibaki, cheza noti zilizoachana: mkono wa kushoto besi na kwinti (noti ya tano ya skeli), mkono wa kulia mbili au tatu tu.

Kuna noti chini kabisa ya uzi mnene ambazo sikuzipiga. Zimetoka wapi?

Karibu kila mara ni noti za amri. Plagini za gitaa (programu ndogo za kutoa sauti ya gitaa ndani ya ile ya studio) hutumia vitufe vilivyo chini ya E nene (namba 40) kubadilisha mtindo wa upigaji: kitufe kimoja kuziba kwa kiganja, kingine kuteleza, kingine harmoniki. Wewe huzisikii kama noti, lakini zimo kwenye traki, na programu ya tablatura haijui kwamba ni amri. Tengeneza nakala ya traki, futa kila kitu kilicho chini ya namba 40, halafu ndiyo utoe MIDI. Ukiwa umeshusha nyuzi, futa kuanzia chini ya noti yako ya chini kabisa.

Mapigo yananitokea kama mchwa: noti ndogondogo, vituo, na vifungo kila mahali. Nifanyeje?

Umeipeleka rekodi kama ilivyopigwa. Mkono wa binadamu hauangukii gridi, na unapopiga kodi kwa kushusha mkono, nyuzi hulia moja baada ya nyingine kwa tofauti ya milisekunde kadhaa. Sikio linasikia kodi moja, programu inaona noti sita zilizopishana na inaziandika kwa uaminifu wa kuudhi.

Weka traki mbili. Ya kwanza ni ya kusikilizwa, iache na utu wake. Ya pili ni ya kuandikwa: ipige kwantaizi (izivute noti kwenye gridi ya mapigo) kwa nguvu zote, mwanzo wa noti na mwisho wake. Chagua gridi kwa kuusikiliza mdundo. Kama wimbo unabembea, gridi inayoligawa pigo mara nne itaharibu kila kitu, tumia inayoligawa mara tatu. Kisha urefu: kwa tablatura, iache kila noti iendelee hadi noti inayofuata kwenye uzi uleule, na vituo vingi vitapotea vyenyewe.

Kama hukurekodi kwa metronomu, tengeneza kwanza ramani ya tempo, yaani uionyeshe programu pigo la kwanza la kila kipimo liko wapi. Ukiruka hatua hii, kwantaizi itazivuta noti kwenye gridi isiyo ya wimbo wako.

Kila kitu kimetoka oktava moja juu, au chini.

Sababu ni mbili na huchanganywa. Kwanza, noti za gitaa huandikwa oktava moja juu ya zinavyolia, na hiyo ni desturi ya zamani ya kuzuia mistari ya ziada chini ya stafu (ile mistari mitano ya noti). Pili, programu hazikubaliani majina: namba 60 kuna zinazoiita C3, kuna zinazoiita C4, na FL Studio inaiita C5. Usiamini jina, amini namba. Nyuzi sita kwa mpangilio wa kawaida, kutoka mnene hadi mwembamba, ni 40, 45, 50, 55, 59 na 64. Zibandike karibu na kompyuta.

Ninayo rekodi ya sauti tu. Naweza kuigeuza tablatura?

Unaweza kupata rasimu. Melodyne, programu ya kuhariri sauti, ilionyesha mwaka 2008 kwamba noti zilizopigwa pamoja zinaweza kutenganishwa ndani ya rekodi moja, na Basic Pitch, iliyotolewa na Spotify mwaka 2022, inageuza sauti kuwa MIDI bure. Demucs na Spleeter zinaweza kuondoa ngoma na waimbaji kabla hujaanza. Hata hivyo unachopata mwishoni ni MIDI, kwa hiyo ukisio wa nyuzi unabaki palepale, sasa ukiwa umeongezewa makosa ya usikivu.

Makosa yenyewe yana mpangilio. Uzi ukilia hutoa pia oktava yake, na juu ya oktava hiyo kwinti. Mashine mara nyingi huzihesabu kama noti zilizopigwa. Ukiona noti hafifu iliyokaa nusutoni (hatua ya freti moja) 12 au 19 juu ya noti yenye nguvu na zimeanza pamoja, ishuku, na mara nyingi utaifuta. Gitaa lililopotoshwa sauti ni baya zaidi, kwa kuwa upotoshaji wenyewe huzalisha masafa ambayo hakuna kidole kilichoyapiga. Kama rekodi ni yako, tumia ile safi iliyoingia moja kwa moja kabla ya amplifaya.

Mstari wa solo, noti moja moja, hutoka vizuri. Kwa kodi nzito na za haraka, mimi huona masikio yanafika kabla ya mashine.

Nitajuaje mpigaji alitumia uzi upi?

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Punguza kasi hadi nusu bila kubadilisha kimo. Karibu programu zote za studio zinaweza. Sikiliza upande mmoja wa spika, kwani magitaa mawili mara nyingi huwekwa moja kushoto na jingine kulia. Kisha tafuta ushahidi.

Noti inayoendelea kulia wakati nyingine zinabadilika ni uzi mtupu, karibu kila mara. Noti mbili zinazolia pamoja haziwezi kuwa uzi mmoja. Mtelezo unaosikika kutoka noti moja hadi nyingine umebaki kwenye uzi uleule, kwa hiyo ukijua mwanzo umejua mwisho. Kimo kilekile kikipigwa freti za juu za uzi mnene kinasikika kinene na cha mviringo, na kwenye uzi mwembamba karibu na kichwa kinang'aa. Uzi wa tatu usio na waya wa kuzungushiwa ndio wapiga solo hupenda kuupinda toni nzima, basi pindo refu lianze kutafutwa hapo. Na kama kuna video inayoonyesha mkono wa kushoto, sekunde tano zake zinashinda saa nzima ya kubahatisha.

Rekodi za zamani za tepu wakati mwingine hazikai kwenye noti yoyote, ziko katikati. Nusutoni moja ina senti 100. Isogeze rekodi kwa senti 20 au 40 mpaka ikubaliane na gitaa lako, kabla ya kuamua mpigaji alikuwa amepanga nyuzi vipi.

Nikipinda uzi mmoja, kwa nini kodi nzima inapinda?

Kwenye MIDI ya kawaida amri ya kupinda ni ya chaneli nzima. Noti zote zilizo kwenye chaneli hiyo zinainuka pamoja. Suluhisho ni kuupa kila uzi chaneli yake, 1 hadi 6, na ndivyo inavyofanya mifumo ya pikapu (vinasa mlio) za nyuzi sita kama GK ya Roland na TriplePlay ya Fishman. Faida ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: chaneli sasa inataja uzi, na Logic Pro inaweza kuambiwa isome tablatura kwa chaneli badala ya kimo. Hapo kukisia kumeisha.

Angalia pia kiwango cha kupinda. Chaguo la kawaida ni nusutoni 2 juu na 2 chini. Faili lililoandikwa kwa kiwango kingine litapinda kupita kiasi au litaishia njiani, na utadhani gitaa limeachia nyuzi.

Vipi kapo (kibano cha kubana nyuzi zote kwenye freti moja) na mipangilio mingine ya nyuzi?

Ziweke kwenye programu kabla ya kuingiza MIDI, si baada. Kwa kapo, namba huhesabiwa kuanzia kwenye kapo: umbo la D ukiwa na kapo freti ya pili linalia E, lakini linaandikwa kama D. Programu isiyojua kuna kapo itaandika E kwa umbo jingine kabisa. Kwa uzi mnene ulioshushwa hadi D, noti ya chini ni 38. Ukiacha mpangilio wa kawaida, noti hiyo haina uzi wa kukaa, na programu itaitupa au kuipandisha oktava.

Faili lipi la kuhamishia?

Kati ya programu mbili za noti, MusicXML, kwa sababu ina nafasi ya kuandika uzi na freti. Kati ya programu ya noti na ya studio, MIDI. Mafaili ya Guitar Pro yana viambishi tofauti: .gp3, .gp4 na .gp5 ni ya matoleo ya zamani, .gpx ni ya toleo la 6, na kuanzia la 7 ni .gp. Ukimtumia mtu usiyejua ana nini, .gp5 ndiyo salama zaidi.

Na besi?

Ni haya haya, kwa mistari minne: 28, 33, 38, 43. Kwa kuwa besi hupiga noti moja moja, marekebisho ni machache.

Naruhusiwa kuweka hadharani tablatura ya wimbo wa mtu?

Ya kujifunzia nyumbani haimsumbui mtu. Ukiisambaza au kuiuza, melodi ni mali ya mwenye haki, hata kama kila namba umeitafuta kwa sikio lako. Omba ruhusa, au weka za nyimbo zako.

Tablatura yangu ya maandishi inavurugika nikiibandika kwenye ujumbe.

Fonti ya ujumbe inaipa kila herufi upana wake, kwa hiyo mistari inapishana. Tumia fonti yenye upana sawa, kama Courier, na mahali palipo na namba ya tarakimu mbili, ongeza kistari kwenye nyuzi nyingine zote. Kama anayepokea atasomea kwenye simu, usizidishe vipimo viwili kwa mstari; au mtumie PDF, umalize ubishi.